Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu: ombi dogo kutoka Kitale, ukipata nafasi

Mheshimiwa Waziri,

Natumai maafisa wako wote pale Jogoo House hawajambo, kuanzia Katibu wa Wizara hadi yule askari wa langoni anayetuuliza sisi walimu wa mashambani tumekuja kumwona nani na kama tuna miadi. Mimi sina miadi. Ndiyo sababu nimeandika.

Niruhusu niseme mapema kwamba sikuja kulalamika. Kulalamika ni kazi ya chama cha walimu, nacho kina viongozi wenye sauti nene kuliko yangu. Nimekuja kushukuru, na katikati ya shukrani, ukiniwia radhi, nitapenyeza ombi moja. Ukiona limekaa vibaya, liruke tu usome shukrani.

Kazi yangu ni kufundisha Kiingereza. Kwetu ni Kitale, na ualimu umenizungusha katika shule za kutwa za Trans Nzoia na Bungoma, zile ambazo mzazi hulipa karo baada ya kuuza mahindi na mwanafunzi hufika na suruali iliyolowa umande hadi magotini. Shule zenyewe sitazitaja. Walimu wakuu wake ni watu wema na tayari wana barua nyingi za kujibu.

Shukrani yangu ya kwanza ni ya vitabu teule. Kwa watahiniwa wa KCSE wa 2023 hadi 2027, Wizara yako imetupa orodha ya kujivunia. Riwaya ya lazima ni Fathers of Nations ya Mtanzania Paul Vitta, inayowakusanya marais wa Afrika mjini Banjul. Tamthilia ya lazima ni The Samaritan ya John Lara, Mkenya mwenzetu. Kwa upande wa hiari kuna tamthilia ya Adipo Sidang', Parliament of Owls. Kuna mkusanyiko wa hadithi fupi A Silent Song, uliohaririwa na Godwin Siundu. Na kuna An Artist of the Floating World, riwaya ya 1986 ya Kazuo Ishiguro, mzaliwa wa Nagasaki aliyekulia Uingereza na kutunukiwa Nobeli mwaka 2017. Aliyeipanga orodha hiyo alikaa chini akafikiri. Kama ni afisa wa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, tafadhali mwongezee siku za likizo.

Sasa, kwa idhini yako, nikueleze kinachotokea orodha hiyo ikifika darasani huku kwetu.

Ndani ya A Silent Song kuna hadithi ya Gloria Mwaniga iitwayo "Boyi". Wanamgambo wanamdai baba pesa za kulinda ardhi, baba hana, anamtoa mwanawe. Basi. Hadithi nyingine zote za ulimwengu zinaweza kuwa za mbali, lakini hii si ya mbali. Kundi la Sabaot Land Defence Force lilianza kuwatesa watu wa Mlima Elgon mwaka 2006 kwa sababu ya ugomvi wa mashamba ya Chebyuk, mpaka jeshi likaingia Machi 2008 kwa Operesheni Okoa Maisha, nalo likashutumiwa kwa mateso yake. Asubuhi kusipokuwa na ukungu, mlima huo tunauona kutoka dirishani. Watoto walio Kidato cha Tatu na cha Nne walizaliwa wakati ule au baada yake kidogo. Hawakuona, ila wanajua. Wanajua kwa sababu kuna mjomba ambaye jina lake halitajwi wakati wa chakula, au kwa sababu ukoo wao ulihama kutoka Cheptais usiku na haukurudi.

Tulipoisoma, msichana wa dawati la mbele, ambaye kwa kawaida huomba ruhusa hata ya kukohoa, alisimama akasema baba yake Boyi si mtu mbaya, ni mtu aliyebanwa. Mvulana wa nyuma akamjibu kwamba mtu aliyebanwa hutoa shamba, hatoi mtoto. Msichana akamuuliza: na wewe ungekula nini baada ya kutoa shamba? Wakaendelea hivyo hadi kengele ikalia na mwalimu wa Kemia akasimama mlangoni akitazama saa yake. Mheshimiwa, nimefundisha Kiingereza kwa muda wa kutosha kujua Kiingereza cha kuazima na Kiingereza cha mtu mwenye jambo la kusema. Siku ile sikusahihisha hata kitenzi kimoja.

Na hadithi hiyo imewekwa kwenye jalada moja na ya Naguib Mahfouz wa Misri, ya Charles Mungoshi wa Zimbabwe na ya Kevin Baldeosingh wa Trinidad. Mtoto wa Kapsokwony anafungua kitabu anaukuta mlima wao umeketi na Kairo kwenye benchi moja. (Ile ya Mahfouz, kwa njia, inamhusu mzee mstaafu anayepewa uwezo wa ajabu, akautumia vibaya mbele ya mwanamke mrembo, ukamtoka. Wapo wanaosema ingefaa isomwe na kila mwenye cheo. Mimi sisemi hivyo. Nimesikia tu.)

Nije kwa Ishiguro. Mtu angedhani Japani ya 1948 ingemshinda mtoto wa Sirisia. Mzee Ono ni mchoraji aliyetumia kipaji chake kuusifu utawala wa kivita. Vita vimeisha, nchi imeshindwa, na sifa zake za jana zimekuwa aibu ya leo. Binti yake Noriko posa ya kwanza imevunjika, ya pili iko njiani, na pande zote mbili zinapelelezana kimyakimya. Hapo sikuhitaji kueleza chochote. Kwa Wabukusu posa haiendi popote kabla wazee hawajachunguza: ukoo gani, mama alitoka ukoo gani, kuna jambo gani lililofunikwa. Darasa lilizielewa familia za Kijapani haraka kuliko linavyowaelewa watu wa Nairobi. Kisha kijana mmoja, ambaye babu yake alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya kuusifu utawala enzi za Nyayo, akaniuliza mbele ya wote: je, babu yangu ni Ono? Nilimwambia akamuulize mwenyewe, kwa adabu. Alimuuliza. Walichozungumza ni siri ya nyumba yao, lakini insha aliyoileta ilikuwa yake ya kwanza isiyoanza na maneno ya mwongozo.

Kabla ya orodha hii tulikuwa na nyingine, na hizo pia nazishukuru kwa niaba ya waliotangulia. The Caucasian Chalk Circle ya Bertolt Brecht imewahi kuwa kitabu teule. Unakumbuka inavyoanza, Mheshimiwa: wakulima wa mashamba mawili ya ushirika wanagombea bonde baada ya vita. Wachunga mbuzi wanasema ni kwao tangu zamani. Wakuza matunda wanasema wao watalimwagilia maji lizae zaidi. Bonde linakwenda kwa wakuza matunda, na tamthilia inaonekana kuwaunga mkono. Ukiifundisha Nairobi, wanafunzi huandika kwamba kitu kiwe cha anayekitunza, na mtahini hutoa alama. Ukiifundisha Trans Nzoia, kuna mtoto ambaye babu yake alikuwa kibarua katika shamba la mlowezi, na mwingine ambaye wazazi wake wamekuwa maskwota pembeni mwa shamba la serikali, na mmoja wao atakwambia: mwalimu, hiyo ndiyo hoja ya walowezi. Walisema wanajua kulima kuliko wenyeji, wakachukua. Sijasoma uhakiki wa Brecht uliosema jambo hilo kwa ukali kama alivyolisema mtoto huyo, na sijawahi kuliona katika mwongozo wowote.

Halafu kuna Ibsen. An Enemy of the People nayo imewahi kuwa kitabu teule: daktari wa mji mdogo wa pwani ya Norway anagundua kuwa maji ya bafu zinazouletea mji pesa yana sumu, na watu wanamwita adui, akiwemo meya, ambaye ni ndugu yake wa damu. Kisomeshe hicho Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilianza uzalishaji mwaka 1974 kando ya Mto Nzoia, kikafungwa 2009. Kilipokuwa kikifanya kazi, watu walilalamikia harufu, moshi na mabati yaliyoliwa na kutu. Kilipofungwa walilia njaa, nyumba za kupanga zikabaki tupu, na wako waliosema heri ile harufu irudi. Mwanafunzi wa huko hahitaji kuambiwa kwa nini umati ulimzomea daktari. Anaweza kukuonyesha nyumba za watu ambao wangezomea.

(Na hapo pana kichekesho ambacho sijui nikupe wewe au niwape wanangu darasani: mji uliotengenezea taifa karatasi uko umbali mfupi kwa matatu kutoka madarasa ambayo wanafunzi wanne husoma riwaya moja, mmoja akishika na watatu wakichungulia.)

Haya yote, najua, si mageni kwako. Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza iondolewe na Afrika iwekwe katikati ya masomo, kisha dunia iliyobaki izunguke hapo. Mwaka 1974 walimu wakakutana Nairobi School kujadili jinsi ya kulileta jambo hilo katika shule za sekondari. Ngũgĩ alifariki Mei 2025 huko Marekani, na serikali ikatuma rambirambi nzuri sana. Watu husahau kwamba waraka ule haukutaka dunia ifungiwe mlango. Ulitaka mtoto aanzie kwao ndipo atoke. Orodha yenye "Boyi" na Ono pamoja ndiyo waraka ule uliotimia, japo umechukua zaidi ya nusu karne.

Sasa ombi, Mheshimiwa. Naomba radhi kwamba limechelewa kufika. Nilifundishwa kutoingia nyumba ya mkubwa nikitaja haja yangu mlangoni.

Gredi ya 10 ya mfumo mpya imeanza Januari 2026. Ni jambo kubwa na nakupongeza. Mikondo ni mitatu: STEM, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo. Wizara yako imesema inatarajia kiasi cha asilimia 60 ya wanafunzi wafuate STEM, nami sina neno. Nchi inahitaji wahandisi, na barabara ya kwenda kwetu inawahitaji zaidi. Kiingereza kimebaki cha lazima kwa wote, na kusoma kumo ndani yake. Lakini Fasihi ya Kiingereza imetolewa pembeni ikawa somo la kuchagua, ndani ya mkondo wa Sayansi ya Jamii. Watakaolichagua watalisoma kwa kina kuliko tulivyowahi kulisoma chini ya mfumo wa 8-4-4, na hilo ni la heri. Hofu yangu ni ya wale wengine. Vitabu teule vya 8-4-4 vitaondoka na watahiniwa wa mwisho mwaka 2027. Kisha mtoto wa STEM atasoma nini kizima, kuanzia jalada hadi jalada? Vifungu vya ufahamu? Aya mbili kuhusu umuhimu wa kunawa mikono?

Yule daktari wa Ibsen, Mheshimiwa, alikuwa mtu wa STEM. Alipeleka maji maabara, akapata majibu ya kweli, halafu hakujua la kufanya na watu. Mkemia wa kesho wa Webuye anamhitaji daktari huyo kuliko mwanafunzi mwingine yeyote wa Bungoma, na kwa mpango ulivyo, yeye ndiye ambaye hatakutana naye.

Tena shule zetu za kutwa ni ndogo. Walimu ni wachache, madarasa ni machache, na mwalimu mkuu mwenye mwalimu mmoja wa Kiingereza hatafungua somo la Fasihi kwa wanafunzi saba. Atafanya hesabu kama mtu mzima na kulifuta. Shule kama Friends School Kamusinga au Lugulu zitapata namna, zina historia na zina watu. Huyu wa shule ya kutwa ya ndani ndiye ataambiwa achague kati ya masomo ambayo tayari yamechaguliwa kwa niaba yake.

Ukinivumilia kidogo, niseme pia kwamba neno "hiari" tumeshalionja katika mtihani tulio nao. Karatasi ya tatu ya KCSE ina alama 60: insha ya kubuni 20, riwaya ya lazima 20, na kitabu kimoja cha hiari 20, utakachochagua kati ya vitatu. Katika shule ninazozijua, uchaguzi huo haufanywi na mwanafunzi. Huamuliwa na idadi ya nakala kabatini, na karibu kila mara hadithi fupi hushinda kwa sababu moja inaisha ndani ya kipindi. Simlaumu mwalimu yeyote, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini matokeo yake ni kwamba Ishiguro yumo kwenye orodha ya taifa, yumo kwenye hotuba, na kwenye shule nyingi za kutwa hayumo kabisa. Kijana wa yule babu wa kwaya alimsoma Ono kwa sababu nakala chache zilitufikia kutoka kwa jamaa anayefundisha kwingine. Hiyo si sera, Mheshimiwa. Hiyo ni bahati.

Kuhusu miongozo nitapita haraka, kwa maana ni jambo la fedheha. Mwongozo hufika Kitale kabla ya kitabu, ni mwembamba, ni rahisi kununua, na majibu yamo. Mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri juu ya Banjul bila kufungua riwaya. Watahini wanajua. Sisi tunajua. Sasa nawe unajua, na naomba radhi kwa kukubebesha.

Basi ninachoomba ni hiki. Katika Kiingereza kile cha lazima, kwa kila mwanafunzi wa Gredi ya 10 hadi ya 12, awe wa STEM, wa mpira au wa muziki, pawe na kitabu kizima cha kwetu na kitabu kizima cha mbali, visomwe pamoja mwaka mmoja na vitahiniwe bila neno hiari. Viwili tu. Cha kwetu kisiwe cha kuwasifu mashujaa. Kiwe kama "Boyi", kinachouma. Cha mbali kisiwe cha Uingereza kila mara kwa mazoea. Japani imetufaa, Norway imetufaa, hata New Zealand ilitufaa wakati The Whale Rider ya Witi Ihimaera ilipokuwa kwenye orodha na wasichana wetu wakamwona binti anayenyimwa nafasi na babu wa baba yake kwa kuwa si mvulana. Na nakala zitoke Wizarani kabla ya muhula, moja kwa kila mtoto, kama mlivyokwisha kufanya kwa vitabu vya kiada. Mkifanya hivyo mwongozo utakufa wenyewe bila kupigwa marufuku.

Mtu wako wa fedha atasema ni ghali. Mwambie, kwa upole uleule nilioutumia mimi, kwamba karatasi za mitihani ya majaribio zinazochapishwa kila muhula nazo hulipiwa, na hakuna aliyewahi kwenda nazo nyumbani kumsomea mama.

Kama bado una shaka kwamba watoto wa huku wanastahili dunia nzima, mfikirie Ken Walibora. Alizaliwa Bungoma, akalelewa Cherangany, na mwaka 1996 akatoa Siku Njema, riwaya ya Kiswahili iliyokuja kuwa kitabu teule. Ndani yake kijana Kongowea Mswahili anatoka Tanga, anavuka mpaka, na anakuja hadi Kitale kumtafuta baba yake. Riwaya hiyo ilitafsiriwa kwa Kiingereza, na msomaji wa kokote anaweza kuifuata safari hiyo mpaka huku kwenye mashamba yetu ya mahindi. Kwa hiyo sisi pia ni nchi ya mbali ya mtu fulani. Walibora alifariki Aprili 2020 jijini Nairobi na akaletwa kuzikwa huku Trans Nzoia. Aliandika kwa Kiswahili, lakini kabla ya kuandika alisoma kila alichokipata, na hakuna aliyempangia mkondo.

Najua barua hii itapigwa mhuri, itapewa namba, itapita kwa naibu wa mkurugenzi na mkurugenzi, na huenda ikarudi kwangu kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na swali la kwa nini niliandika bila idhini. Nitajibu kwa heshima. Lakini ikikufikia wewe mwenyewe kabla ya hapo, naomba ufanye jambo moja: muulize afisa wako wa mitaala ni kitabu gani kizima ambacho mwanafunzi wa STEM wa shule ya kutwa kule Chwele atakuwa amekisoma kwa Kiingereza atakapomaliza Gredi ya 12. Akikupa jina la kitabu, nitakuja Jogoo House bila miadi kuomba msamaha. Akikwambia anafuatilia, tafadhali, Mheshimiwa, badilisha mpango kabla ya Januari ijayo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiingereza, Kitale